PET-CT kwenye saratani ya mlango wa kizazi: tezi za kando ya aota na mpaka wa mionzi

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi akifika kliniki, daktari ana mkono wake, ana spekula, ana altrasaundi, na hospitali ikijaliwa ana MRI, picha ya sumaku. Kwa vitu hivyo anaweza kusema uvimbe una sentimita ngapi, kama umeshuka ukeni, kama umetambaa pembeni kuelekea ukuta wa nyonga, na kama umebana mrija wa mkojo hadi figo imejaa maji. Kinachobaki gizani ni kama ugonjwa umeshapanda kwenye tezi za limfu zilizo kandokando ya aota, ule mshipa mkuu wa damu unaoshuka mbele ya uti wa mgongo. Tezi hizo hazishikiki kwa mkono, na zikiwa ndogo haziumi. Lakini ndizo zinazoamua mionzi ipigwe kuanzia wapi mpaka wapi.

Hapo ndipo PET-CT, picha inayoonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari kwa wingi zikiwaka, inapostahili fedha zake. Nalisema hili mapema kwa sababu kipimo hiki kinazungumzwa siku hizi kana kwamba ni jicho linaloona kila kitu, na kuna familia zinauza shamba kukifuata hata pale ambapo jibu lake lisingebadilisha chochote. Kabla ya kulipa, muulize daktari: "Majibu yakija hivi tutafanya nini, na yakija vile tutafanya nini?" Kama mipango yote miwili ni ileile, pesa hiyo ikalipie matibabu, nauli na chakula cha mgonjwa katika wiki za mionzi.

Mwaka 2018 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, lilibadilisha upangaji wa hatua za saratani hii. Kabla ya hapo tezi hazikuhesabiwa kabisa katika kutaja hatua. Sasa tezi za nyonga zikiwa na ugonjwa mgonjwa yuko hatua ya IIIC1, na za kando ya aota zikiwa nao yuko IIIC2, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo. Baada ya namba inafuata herufi ndogo: r ikiwa jibu limetokana na picha, p ikiwa limetokana na kinyama kilichosomwa maabara. Kwa hiyo IIIC2r kwenye faili maana yake ni tezi za aota zilizoonekana kwenye picha, na hakuna aliyezitoboa bado kwa sindano. Herufi hiyo moja ina uzito, na nitairudia chini.

Mionzi ya nje kwa ugonjwa ulio nyonga tu huishia juu karibu na pale aota inapogawanyika mara mbili, usawa wa pingili ya nne au ya tano ya kiuno. Dozi inayotumika sana ni 45 Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 25, siku tano kwa wiki, pamoja na cisplatin, dawa ya saratani inayotiwa kwa dripu, mg 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Tezi za aota zikiwa na ugonjwa, eneo linapandishwa hadi usawa wa mishipa ya figo au juu kidogo, na tezi zenyewe huongezewa dozi mpaka kati ya 55 na 57.5 Gy pale mashine inaporuhusu. Zisipoonekana, mgonjwa atamaliza wiki zake zote, uvimbe wa chini utayeyuka, na ugonjwa utaendelea kukua sentimita chache juu ya mpaka uliochorwa. Na kupandisha eneo kwa kila mtu "kwa usalama" si usalama: utumbo mwembamba na figo vinaingia kwenye mionzi, kuhara na kutapika kunaongezeka, uboho mwingi zaidi unapigwa, chembe za damu zinashuka, na cisplatin inaanza kurukwa wiki hadi wiki.

CT ya kawaida, picha ya eksirei ya vipande vipande, huhukumu tezi kwa ukubwa. Ikifika mm 10 upande wake mfupi, inashukiwa. Tezi ya mm 7 iliyojaa saratani inapita salama, na ya mm 13 iliyovimba kwa maambukizi inakamatwa. PET-CT inaongeza swali la pili: tezi hii inakula sukari kiasi gani? Kwa hilo inashinda CT peke yake na MRI peke yake katika kutafuta tezi. Kwa kupima uvimbe wa mlangoni wenyewe na tishu za pembeni yake, MRI inabaki juu, na PET-CT haichukui nafasi yake. Anayetaka kuokoa fedha kwa kufuta MRI anafuta kipimo kisichofaa kufutwa.

Nayo PET-CT ina upofu wake. Mkusanyiko wa seli ulio chini ya mm 5 kwa kawaida hauonekani, kwa sababu mwanga wake unasambaa na kufifia ndani ya kipimo cha mashine. Mwaka 2013 Gouy na wenzake wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 237 wa saratani ya mlango wa kizazi iliyosogea, ambao PET-CT ilisema tezi zao za aota ni safi. Walipofanyiwa upasuaji wa tundu dogo na tezi kusomwa maabara, asilimia 12 walikuwa na ugonjwa humo. Walioonyesha tezi za nyonga zenye ugonjwa kwenye PET walikuwa na hatari kubwa zaidi kuliko wasioonyesha. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu, wakiona tezi za nyonga zinawaka, hasa zile za juu, wanapandisha eneo la mionzi hata kama aota inaonekana safi. Naona wako sahihi, mradi figo na utumbo vimechorwa vizuri kwenye mpango.

Dawa isiyowekwa stoo

Kinachodungwa kinaitwa FDG. Ni sukari iliyobandikwa florini-18, chembe inayotoa mnururisho. Seli inaipokea kama glukosi, kimeng'enya cha heksokinesi kinaifanyia hatua ya kwanza ya kuchomwa, halafu basi: haiwezi kuendelea mbele wala kutoka nje. Seli nyingi za saratani zinakula sukari kwa pupa, hivyo zinajaa dawa hii kuliko jirani zao. Florini-18 ikivunjika inatoa positroni, positroni inagongana na elektroni, na miale miwili inaruka kwa pande zinazotazamana, kila mmoja ukiwa na nguvu ya keV 511. Pete ya mashine inaidaka miwili hiyo kwa pamoja na kukokotoa ilikotoka. Sehemu ya CT inatoa ramani ya mwili ya kuiweka juu yake.

Nusu-maisha ya florini-18 ni dakika 110. Dozi iliyotoka kwenye saiklotroni, mashine inayotengeneza florini-18, saa 12 alfajiri, ikifika saa 2 kasoro dakika 10 imebaki nusu. Ukiipeleka mji ulio mbali kwa saa 4 za barabara, lazima utengeneze mara nne na nusu ya ile unayotaka ifike. Kwa hiyo kipimo hiki hustawi karibu na saiklotroni. Nairobi zipo, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hakuna stoo ya FDG popote duniani. Kila asubuhi inatengenezwa upya, inapimwa ubora, na isipofaulu inamwagwa. Mashine ikigoma, au dawa ya siku hiyo ikishindwa vipimo vya ubora, wagonjwa waliofunga tangu usiku wanarudishwa bila picha. Anayetoka mbali asikate tiketi ya basi ya kurudi siku hiyohiyo. Aweke siku mbili za akiba, na apige simu alfajiri kabla ya kuondoka alikolala kuuliza kama dawa imetoka.

Kiasi kinachodungwa vituo vingi ni kama MBq 3.7 (megabekereli, kipimo cha wingi wa mnururisho wa dawa) kwa kilo. Mama wa kilo 60 anapata MBq 222, ambayo ni milikyuri 6. Mnururisho wa dawa hiyo mwilini ni kama mSv 4.2 (milisiveti, kipimo cha dozi anayoipata mtu), na CT ya dozi ndogo inaongeza kidogo juu yake. Wastani wa dunia wa mnururisho wa asili anaoupata mtu kwa mwaka mzima ni mSv 2.4. Baada ya saa 24 florini iliyobaki ni chini ya sehemu moja kwa 8,000, hata kabla ya kuhesabu iliyotoka kwa mkojo.

Maandalizi yanayoharibu picha yasipofuatwa

Mgonjwa afunge saa 6 kabla ya sindano. Kufunga hapa maana yake ni maji matupu tu. Chai ya rangi yenye sukari inaharibu, uji wa mgonjwa unaharibu, pipi na bigijii zinaharibu. Chakula cha mwisho usiku kiwe na wanga kidogo: mayai, samaki, nyama, mboga za majani, badala ya ugali au wali wa kushiba. Sababu ni insulini. Ukila wanga, kongosho linaimwaga, nayo inafungulia misuli mlango. FDG inaingia kwenye mapaja na mgongo badala ya kwenda kwenye tezi. Picha ya aliyekula inatambulika mara moja: misuli yote imewaka, moyo umewaka, ini limefifia, na uvimbe unaonekana mpole kuliko ulivyo.

Kosa linalopita bila kuonekana ni la wagonjwa waliolazwa. Wodini wamefuata kanuni, mgonjwa hajala kitu, lakini kwenye mkono kuna dripu ya dekstrosi inayoshuka usiku kucha. Hiyo ni sukari. Ibadilishwe iwe chumvi ya kawaida angalau saa 4 hadi 6 kabla. Muuguzi anayemwandaa mgonjwa aitazame chupa yenyewe, asome lebo.

Sukari ya damu inapimwa kabla ya sindano. Ikiwa chini ya mmol/L 11, sawa na mg/dL 200, kazi inaendelea. Ikizidi, bora kuahirisha na kuirekebisha kuliko kusoma picha mbovu. Insulini ya kufanya kazi haraka isichomwe ndani ya saa 4 kabla ya FDG, kwa sababu ileile ya misuli. Metformin ni tatizo la pekee kwa wagonjwa wetu: inafanya utumbo unyonye FDG kwa nguvu, na utumbo unaong'aa unafunika nyonga na tumbo, mahali tunapotafuta. Kwa kawaida inasimamishwa saa 48 kabla, lakini kwa maelekezo ya daktari wa kisukari, na sukari ifuatiliwe siku hizo mbili.

Mgonjwa asibebe mizigo wala kufanya kazi ngumu siku moja kabla. Avae nguo za joto: mwili ukisikia baridi, mafuta ya kahawia ya shingoni na juu ya mtulinga yanachoma sukari ili kuleta joto, na yanawaka hasa mahali ambapo tunataka kujua kama kuna tezi. Chumba cha kusubiria kiwe na blanketi, na kiyoyozi kipunguzwe. Baada ya sindano anakaa au analala kama dakika 60, kimya, bila simu na bila maongezi marefu.

Aje na tarehe kwenye karatasi: hedhi ya mwisho, dripu ya mwisho ya saratani, siku ya mwisho ya mionzi, upasuaji wowote, na sindano za kupandisha chembe nyeupe kama filgrastim. Sindano hizo zinawasha uboho wote na bandama, na asiyejua anaweza kuandika kwamba saratani imejaa mifupani. Wasomaji wa picha hukosea kwa kukosa tarehe hizi, na kuzipata ni bure.

Kibofu

Tatizo kubwa la picha ya nyonga ni mkojo. Glukosi ya kawaida ikichujwa na figo inarudishwa karibu yote kwenye damu. FDG haibebwi vizuri na vibebeo vile vya figo, hivyo inashuka kibofuni kwa wingi. Kwenye picha, ambako palipojaa FDG huchorwa kwa weusi, kibofu kinakuwa doa jeusi kama wino, mbele kabisa ya mlango wa kizazi, na weusi wake unamwagikia majirani. Mrija wa mkojo nao hausafirishi mkojo mfululizo. Unausukuma kwa mafungu, na fungu moja lililokwama pale mrija unapovuka mishipa mikubwa ya nyonga linaonekana kama tezi iliyowaka: kitone kimoja, cheusi, kando ya mshipa, mahali hasa ambapo tezi ya saratani hukaa. Mgonjwa ambaye mrija wake umebanwa na uvimbe anabeba mkojo huo muda mrefu zaidi, kwa hiyo hatari ya kukosea ni kubwa zaidi kwa wenye ugonjwa mkubwa.

Dawa yake ni utaratibu. Mgonjwa anywe maji kama lita 1 kuanzia kabla ya sindano hadi kabla ya picha, isipokuwa moyo au figo zikikataza. Vituo vingi vinampa furosemide mg 20 kwenye mshipa ili mkojo ushuke kwa wingi na kuchanganyika na maji. Anakojoa mara kadhaa, na mara ya mwisho iwe dakika chache tu kabla ya kupanda kitandani. Mashine ianzie mapajani kupanda juu, nyonga ipigwe kwanza wakati kibofu kiko tupu. Ukianzia kichwani, dakika 15 au 20 baadaye kibofu kimejaa tena, na kimesogea kutoka mahali CT ilipokiona, hivyo picha mbili hazilingani. Kikibaki kitone cha kutiliwa shaka, mgonjwa anakojoa tena na nyonga inapigwa upya. Mkojo utakuwa umehama au umebadilika umbo. Tezi haihami.

Jambo jingine linalotokea kwa wenye ugonjwa mkubwa ni fistula. Mkojo unavuja ukeni, na uke mzima unawaka kama uvimbe. Pedi iliyolowa nayo inawaka. Mgonjwa anayevuja aseme, na mhudumu amuulize kwa faragha na heshima, kwa sababu wengi huona haya. Abadilishiwe pedi na nguo ya ndani kabla ya picha.

Kifua kikuu, VVU na neno "imesambaa"

FDG haijui saratani. Inajua njaa ya sukari, na chembe za kinga zinazopigana na maambukizi zina njaa hiyo pia. Katika nchi zetu hili ndilo eneo la kusoma picha kwa uangalifu kuliko yote. VVU visipodhibitiwa vinawasha tezi za shingo, kwapa na kinena pande zote mbili kwa ulinganifu. Kifua kikuu kinawasha tezi za kati ya mapafu na ncha za juu za mapafu, na kikiwa tumboni kinawasha utando na tezi za humo kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuapa kuwa si saratani.

Saratani ya mlango wa kizazi huwa na desturi ya kupanda ngazi kwa ngazi: tezi za ukuta wa nyonga, za mishipa ya nyonga ya nje na ya ndani, za mshipa wa pamoja, za aota, kisha tezi ya juu ya mtulinga wa kushoto. Mgonjwa mwenye tezi za kwapa zote mbili zinazowaka na nyonga safi hafuati ngazi hiyo. Kabla ya kuandika kwamba ugonjwa umesambaa, tazama kiwango cha virusi, tazama kifua, na uliza habari za kikohozi, homa za jioni na jasho la usiku.

Narudi kwenye ile herufi r. Pale ambapo doa moja kwenye picha litamtoa mgonjwa kwenye matibabu ya kuponya na kumweka kwenye matibabu ya kupunguza maumivu, doa hilo litobolewe. Tezi ya juu ya mtulinga inafikiwa kwa sindano nyembamba ikiongozwa na altrasaundi, kwa dakika chache. Sehemu ya majimaji iende kwa mtu wa seli, sehemu iende kwenye GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu. Mama mwenye tezi za kifua kikuu akihesabiwa kuwa hatua ya IVB, yaani ugonjwa uliosambaa mbali, anakosa mionzi ambayo ingemponya, na pia anakosa vidonge vya TB. Hakuna haraka ya kliniki inayohalalisha hilo.

Miezi mitatu baada ya mionzi

Hapa PET-CT inarudi na thamani yake. Mionzi inaacha uvimbe wa joto kwenye tishu, na FDG inaufuata. Ukipima wiki ya nne utaona moto kila mahali na hutajua ni wa nini. Subiri wiki 12. Baada ya dripu ya saratani peke yake, wiki 2 au 3 zinatosha. Baada ya upasuaji mkubwa, kama wiki 6.

Kwa nini kungoja huko kuna maana: mwaka 2007 Schwarz, Grigsby na wenzao wa St. Louis, Marekani, walichapisha kwenye jarida la JAMA habari za wanawake 92 waliopigwa PET kama miezi mitatu baada ya matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi. Ambao moto ulizimika kabisa, asilimia 78 walifika miaka mitatu bila ugonjwa kuendelea. Ambao moto ulipungua tu, asilimia 33. Walioonyesha sehemu mpya, hakuna hata mmoja. Ni vigumu kupata kipimo kingine cha miezi mitatu kinachotabiri kwa ukali huo. Aliyebaki na doa mlangoni achukuliwe kinyama mapema, kwa sababu kama ni ugonjwa wa katikati ya nyonga tu, bado kuna upasuaji mkubwa wa kuondoa viungo vya nyonga. Upasuaji huo ni mzito, mara nyingi mgonjwa anatoka na mfuko wa mkojo, wa choo au yote miwili, kwa hiyo PET-CT inahitajika kabla yake kuhakikisha hakuna ugonjwa mahali pengine. Kumfanyia mtu operesheni hiyo halafu tezi za kifua zikajitokeza mwezi unaofuata ni ukatili unaoepukika.

Msomaji wa picha hizi akumbuke mfupa wa sakramu, ulio nyuma ya nyonga chini ya uti wa mgongo. Miezi kadhaa hadi miaka baada ya mionzi, hasa kwa waliokoma hedhi, mfupa uliodhoofika unapasuka wenyewe taratibu. Kwenye PET unawaka pande mbili, wakati mwingine na mstari wa kuziunganisha katikati kama herufi H. Mgonjwa analalamika mgongo wa chini, na ripoti inasema saratani imeingia mfupani. Fungua CT uangalie ule mstari wa ufa, au piga MRI. Matibabu yake ni dawa za maumivu, kupumzika na kutunza mifupa, si dripu.

Ovari na mji wa mimba, kwa ufupi

Kwenye saratani ya ovari PET-CT haifai kuamua kama uvimbe uliogunduliwa leo ni saratani. Ovari ya mwanamke anayepata hedhi inawaka yenyewe siku za kupevusha yai, na ukuta wa mji wa mimba unawaka siku za hedhi na katikati ya mzunguko. Panga kipimo siku chache baada ya hedhi kukatika. Kwa aliyekoma hedhi, ovari inayowaka haina udhuru huo, ichunguzwe. Upande wa pili, saratani za ute na zile za kukua polepole zinakula sukari kidogo na zinaweza kupita bila kuonekana, na punje za utando wa tumbo zilizo chini ya mm 5 hazionekani kabisa.

Matumizi yenye maana ni CA-125, alama ya saratani ya ovari inayopimwa kwenye damu, inapopanda baada ya matibabu na CT haioni kitu, wakati kuna jambo la kufanya, kama upasuaji wa pili kwa ugonjwa uliorudi sehemu moja. Mgonjwa asiye na dalili asikimbizwe kwenye mashine kwa sababu ya namba peke yake. Jaribio la OV05 lililochapishwa mwaka 2010 liligawa wanawake 529 ambao CA-125 ilipanda: nusu wakaanza dripu mapema, nusu wakangoja dalili. Walioanza mapema hawakuishi zaidi, na walikula dripu nyingi zaidi.

Mji wa mimba: MRI kwa kina cha ugonjwa, PET-CT kwa aina kali zinazotawanyika mapema na kwa ugonjwa unaoshukiwa kurudi. Tezi zenye punje ndogo zinaikwepa hapa kama huko kwingine.

Kuisoma ripoti, na CD

Ripoti nzuri inataja sukari ya damu ya siku hiyo, kiasi cha FDG, na dakika kati ya sindano na picha. Bila hivyo namba ya SUV haina mguu wa kusimamia. SUV ni uwiano: mnururisho ulio kwenye tezi ukigawanywa kwa ule ambao ungekuwepo kama dawa ingesambaa sawasawa mwilini. Kwa mama wa kilo 60 aliyedungwa MBq 222, mgao sawa ni kBq 3.7 kwa kila gramu. Tezi ikiwa na kBq 22.2, SUV yake ni 6. Ukipimwa mara ya pili dakika 90 baada ya sindano badala ya 60, saratani huwa inaendelea kujaza na namba inapanda bila ugonjwa kukua. Dawa ikivuja nje ya mshipa mkononi, namba inashuka bila ugonjwa kupona, na tezi ya kwapa ya mkono huo inaweza kuwaka bure. Rudia kipimo kwenye mashine ileile, kwa muda uleule, na usishtushwe na tofauti ya 6 na 6.5.

Baada ya picha mgonjwa ale, anywe maji mengi, akojoe mara kwa mara na kunawa vizuri. Saa kama 6 za kwanza asipakate mtoto mdogo wala kukaa karibu sana na mjamzito. Anayenyonyesha akamue maziwa kabla ya kuja. FDG inapita kidogo sana kwenye maziwa, ila titi lenyewe linawaka, kwa hiyo mtu mwingine ampakate na kumlisha mtoto yale yaliyokamuliwa mpaka muda uliotajwa na kituo upite.

Na usiondoke na karatasi peke yake. Omba CD yenye picha zote kwa mfumo wa DICOM, za PET na za CT, si picha chache zilizobandikwa kwenye faili la PDF. Mpangaji wa mionzi, awe Ocean Road ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, anazilaza juu ya CT yake ya kupangia na kuchora tezi moja moja kwa kalamu ya kompyuta. Sentensi ya ripoti inayosema "tezi ya kushoto ya aota, mm 9, SUV 6" haimwambii ni usawa wa pingili ipi hasa, na yeye anahitaji kujua hivyo ili aweke mpaka wa juu wa mionzi sentimita 2 au 3 juu yake.